Hotuba ya Mwenyekiti: Msuli Hausukumi, Unavuta

(Ilisomwa mbele ya wanachama na wageni, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 18 chini ya mwembe, na sanduku moja la bati lenye kufuli tatu. Leo tupo 30. Wenzetu wawili wametangulia mbele ya haki. Naomba tusimame dakika moja tuwakumbuke.

Asanteni. Tukae.

Ndugu mgeni rasmi, habari za hisa, mikopo na marejesho zimo kwenye taarifa ya mweka hazina, humu humu kijitabuni. Sitazirudia, maana yeye anazijua kuliko mimi. Elimu yangu ni darasa la saba, na mambo makubwa makubwa sina. Leo nimeona nizungumzie kitu kimoja tu ambacho kila mmoja wetu amekuja nacho hapa, tajiri na maskini. Kitu hicho ni msuli.

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni, lakini msikilize.

Neno hili lina mambo mengi. Wenzetu wa pwani wakisema msuli, huenda wana maana ya nguo, ile anayojifunga mwanamume kiunoni akiwa nyumbani kwake ametulia. Watoto wetu wa sekondari wakisema fulani anapiga msuli, maana yake anasoma mpaka usiku wa manane. Ukifungua redio utasikia nchi mbili zinatunishiana misuli, au mfanyabiashara fulani ana misuli ya fedha na hakuna wa kumgusa. Kwa hiyo msuli ni nyama, msuli ni uwezo, na msuli ni ubabe pia.

Lakini jamani, mmewahi kusikia mtu akisema mama muuza mboga ana misuli? Mimi sijasikia. Na huku kwetu Morogoro tunawaona, akina mama wanashuka kutoka milima ya Uluguru, ngata kichwani, juu yake mkungu wa ndizi au tenga la mboga, mtoto mgongoni, na mkono mmoja bado umeshika kidumu. Shingo ile, mgongo ule, mashavu ya miguu yale, kama si misuli ni nini? Kazi ya misuli tunayo sisi, jina la misuli wanalo wengine. Na mimi nisingeyafikiria haya kama nisingevunjika mkono.

Wengi mnakumbuka. Mwaka 2023, wakati wa masika, mwenzenu niliteleza kisimani na ndoo ya lita 20. Ndoo ikaenda huku, mimi kule, mkono wa kulia ukavunjika. Nikafungwa P.O.P. kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko, wiki sita. Nilikuwa sichoti maji, sisongi ugali, hata kanga nafungwa na mjukuu. Siku ya kufunguliwa nilishtuka. Mkono ulikuwa umenyauka, mwembamba kama wa mtoto, kikombe cha chai kinanishinda. Pale hospitali kuna binti mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nikamuuliza, "Mwanangu, nyama yangu imekwenda wapi?" Akacheka, akasema, "Mama, haijaibiwa. Msuli usipotumika, mwili unauona ni gharama ya bure, unaupunguza."

Nilikwenda kwa binti yule mara mbili kwa wiki, na kila nilichofundishwa nilimwambia mjukuu aniandikie kwenye daftari. Daftari hilo ninalo hapa. Nitawasomea mambo matatu.

La kwanza. Msuli ndio nyama yenyewe. Ule mnofu tunaopimiwa buchani ni msuli wa ng'ombe. Binadamu ana misuli zaidi ya 600 iliyoshikizwa kwenye mifupa kwa kano, zile nyuzi nyeupe ngumu ambazo tukila nyama zinatushinda meno. Hiyo ni misuli inayosubiri amri: ukitaka kuinua mkono, unainuka. Lakini ipo misuli isiyongoja amri yako. Moyo ni msuli. Unapiga mara laki moja hivi kwa siku, na baada ya kila pigo unapumzika kidogo, ndiyo maana unadumu. Utumbo una misuli yake. Na mji wa mimba ni msuli. Kabla ya ujauzito uzito wake ni kama gramu 60 au 70 tu. Mimba ikitimia unafika karibu kilo moja, hapo mtoto hajahesabiwa. Na baada ya kujifungua, katika wiki sita hivi, unarudi kuwa mdogo. Mimi nimezaa watoto watano na nilikuwa sijui. Kumbe sisi tulioambiwa viumbe dhaifu ndio tuliobeba msuli wa namna hiyo!

(Vigelegele)

La pili, na hili nililibishia. Binti aliniambia msuli hausukumi, unavuta tu. Nikamwambia, "Hapana mwanangu, mbona nasukuma toroli?" Akanishika mkono, akanikunja. Akaniambia niguse hapa mbele, juu ya kiwiko. Msuli huu ukijikaza unafupika, unavuta mfupa, mkono unakunjwa. Lakini hauwezi kuunyoosha tena huo mkono. Anayeunyoosha ni mwenzake aliyeko nyuma, naye anavuta kwa upande wake. Mmoja akivuta, mwingine analegea. Hata unaposukuma toroli, ndani ya mwili misuli inavuta mifupa, ila inavuta kwa zamu na kwa mpango. Nikamuuliza, "Na wote wawili wakivuta kwa pamoja, kila mtu kwake?" Akasema, "Mkono unakakamaa, mama. Hauendi popote."

Nikakumbuka baadhi ya vikao vyetu.

(Kicheko)

Kuna neno alilolisema pale ambalo sikulitilia maanani siku hiyo, nikaja kulikumbuka baadaye usiku. Alisema, "Huu uliolegea si kwamba ni mvivu, mama. Umempa mwenzake nafasi."

La tatu ni la uzee. Kuanzia umri wa miaka 30 na kitu misuli huanza kupungua polepole, na ukivuka 60 kasi inaongezeka. Kwetu wanawake, damu ya mwezi ikishakoma, upungufu huo unazidi. Ni maumbile, si uvivu. Lakini haina maana kwamba basi tena, tukae tungoje siku. Binti alinieleza kuwa mwaka 1990 madaktari wa Boston, kule Marekani, walitangaza habari za wazee 10 wenye umri wa miaka 90 hivi waliofundishwa kunyanyua vizito kwa miguu. Tisa walimaliza mazoezi ya wiki 8, na nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Miaka 90, jamani! Dawa yenyewe haiuzwi dukani: kuutumia msuli, kuulisha na kuupumzisha. Kuulisha ni maharage, choroko, dagaa, yai likipatikana, si ugali na mchicha peke yake kila siku. Kuutumia ni kuanza na mzigo mdogo, mara nyingi, unaongeza kidogo kidogo. Mimi nilianza na chupa ya maji ya nusu lita. Leo ndoo naibeba.

Kwa hiyo mnaona hata msuli unajengwa kama tunavyonunua hisa. Hakuna aliyeweka laki tano siku ya kwanza. Tuliweka elfu moja moja, na wiki tusipoweka tuliona wenyewe sanduku linavyopungua nguvu. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Ndugu zangu, sasa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo penye uzito.

Mwaka 2019 tulikodi shamba la pamoja, heka mbili, tulime mahindi. Tukaweka sheria: kila Jumamosi kila mwanachama afike na jembe, asiyefika faini shilingi 5,000. Sheria nzuri, na mimi ndiye niliyeisimamia kwa ukali. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mwanzilishi, amenizidi miaka kama kumi na tano. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa kwanza wa sanduku letu tangu chini ya mwembe. Jumamosi za mwanzo alifika. Akilima mstari mmoja anakaa. Baadaye akawa anafika anachelewa, halafu hafiki. Faini zikaandikwa. Jumamosi 17, mara shilingi 5,000, ni shilingi 85,000. Tukazikata kwenye hisa zake.

Katika kikao cha mwaka 2020 alisimama akataka kusema. Sikumpa nafasi ya kumaliza. Nilimwambia mbele ya wanachama wote, "Mama, kama misuli imekwisha, wapishe wenye misuli." Wapo waliocheka. Hakujibu. Alifungua pindo la kanga, akatoa ufunguo, akauweka mezani, akaondoka. Hajarudi kikaoni mpaka leo.

Nilidhani nimelinda sheria. Ukweli ni kwamba nilimtunishia misuli. Nilikuwa na cheo, nina umri mdogo kuliko yeye, nina mkono mzima, nikavitumia vyote vitatu kwa mara moja juu ya mtu mmoja aliyesimama peke yake.

Nilipofunguliwa ile P.O.P. na kikombe kikanishinda, nilimkumbuka yeye. Jambo jingine lililoniuma ni hili: katika miezi ile mitatu ambayo sikushika jembe, hakuna aliyeniandikia faini hata moja. Mlisema, "Mwenyekiti anaumwa." Mkaniletea na uji. Nawashukuru sana. Lakini yeye naye alikuwa anaumwa, ila ugonjwa wake ulikuwa hauna P.O.P. ya kuonekana.

Nilikwenda kwake. Nilikaa kwenye mkeka nikiwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi. Kabla sijaanza akaniuliza, "Mkono umepona, mwanangu?" Nikalia. Tukazungumza mpaka jua likazama. Aliniambia jambo moja ambalo naomba liandikwe kwenye kijitabu hiki. Alisema, "Mliniuliza kwa nini siji. Hamkuniuliza naweza nini."

Na alikuwa anaweza nini? Nyie wa zamani mnajua. Yeye ndiye aliyekuwa anakumbuka deni la kila mtu bila daftari. Ndiye aliyekuwa anakwenda nyumbani kwa aliyechelewa marejesho, anakaa naye, hasemi kwa ukali, na fedha inarudi. Tangu aondoke, mweka hazina ni shahidi, marejesho yamekuwa ya kukimbizana. Msuli ule tuliukata wenyewe, halafu tukashangaa mkono haunyooki.

Ndugu mgeni rasmi, mwaka jana tulipata semina ya msaada wa kisheria. Mwanasheria alitueleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mume au mke wake. Yaani ubabe wa mkono haukubaliwi kuwa sheria ya nyumba. Halafu akatueleza kesi moja ya mwaka 1983. Mama aliyepewa talaka alifika mpaka Mahakama ya Rufani, enzi za Jaji Mkuu Francis Nyalali, akidai sehemu ya mali. Hakuwa na mshahara. Mahakama ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mama mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu ilionekana fedha alizokwishapewa na mumewe alizitapanya. Lakini neno likabaki: maji uliyochota, moto uliopuliza, watoto uliobeba, vina hesabu.

Siku ile tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Mimi nilipiga makofi nikiwa na aibu moyoni. Mahakama imekubali kuhesabu kazi isiyoonekana. Sisi wanawake wenyewe, kwenye kikundi chetu wenyewe, tulikubali kuhesabu jembe peke yake.

Kwa hiyo wanachama wenzangu, katika mkutano mkuu wa mwaka ujao mwezi wa pili, nitaleta mapendekezo matatu. Nayasema leo hadharani ili nisije nikayameza.

Moja. Ile sheria ya shamba irekebishwe. Anayeweza jembe alime. Asiyeweza, kwa uzee, ugonjwa, ujauzito au kunyonyesha, apangiwe kazi anayoiweza: kufuatilia marejesho, kupika siku ya kulima, kulea watoto wa wanaolima, kutembelea wagonjwa. Na kazi hiyo iandikwe daftarini kama jembe linavyoandikwa.

Mbili. Zile shilingi 85,000 zirudishwe kwenye hisa za mwenzetu. Najua fedha hizo hazimo sandukuni. Faini zile zilinunua viti. Viti vitano hivi kati ya hivi mnavyokalia leo ni jasho la mtu ambaye hakukaribishwa kukaa. Wapo wanaosema tukirudisha faini moja, kesho kila mtu atadai zake. Hoja hiyo si ya kupuuza, maana wavivu tunao, na wao wenyewe wanajijua. Jibu langu ni kwamba tuchague watu watatu wa kwenda nyumbani kumwona mtu kabla faini haijaandikwa. Mvivu atajulikana, na asiyeweza atajulikana. Sisi hatukwenda kumwona. Hilo ndilo kosa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mbele, nusu ya fedha hizo itoke kwenye gawio langu.

Tatu. Katiba yetu haisemi mwenyekiti akae miaka mingapi. Nimekaa kumi. Mmenichagua kila mara na nawashukuru, lakini msuli ukivuta muda wote bila kulegea hata mara moja, mkono unakakamaa. Mwaka ujao sitagombea. Sijachoka, na wala sijakasirika na mtu, mtu asiende kutunga maneno huko nje. Nataka mwingine avute, nami niwe yule wa nyuma. Mkinipa kazi ya kupika siku ya shamba, nitapika.

Ndugu mgeni rasmi, ombi letu kwako ni moja tu: elimu ya afya ya viungo kwa akina mama watu wazima. Kliniki ya wajawazito na watoto ipo, nasi tunashukuru. Lakini mama akishamaliza kuzaa hakuna anayemwambia habari za mifupa na misuli yake mpaka aanguke. Mtaalamu akija hata mara moja kwa miezi mitatu, uwanja tunao na viti tunavyo.

Nimalizie. Mwenzetu yule nilimkaribisha leo. Nilimwomba aje kama mwanachama, akasema atakuja kama mgeni kwanza, mengine mkutano mkuu utaamua. Ana haki. Amekaa pale, mstari wa tatu, mwenye kanga ya bluu. Mama, wakati wa chakula usipange foleni, utaletewa hapo ulipo. Naleta mimi, kwa mkono huu huu uliopona.

Nawashukuru kamati ya maandalizi, vijana wa maturubai, na wapishi walioamka saa tisa usiku. Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono yetu.

Akina mama, umoja ni nguvu!